Majina Arobaini na Moja

Diski ilikuwa inagonga kutoka ndani kama mtu aliyefungiwa chumbani. Symphorien aliinamisha sikio juu ya kompyuta, uso umemsawijika.

"Hii nayo imekufa?" akauliza Mama Émérence, karani wa ofisi.

"Bado, Mama. Inakufa."

Ulikuwa Desemba 1996. Vita vilikuwa vimewafurusha watu wa Uvira na Baraka, wakashuka Kalemie kwa maboti, wengi wao wakiwa wamepotezana na watoto. Shirika moja dogo liliandika majina ya watoto hao katika kompyuta tatu zilizounganishwa kwa waya. Karatasi zilikuwa zimeadimika mjini. Symphorien ndiye fundi aliyezipanga kompyuta hizo. Kila jina lilikaa katika kompyuta mbili, ili moja ikiharibika nyingine ibaki nalo.

Asubuhi hiyo diski ya kwanza ilikuwa imekufa. Alitia mpya, nayo ikaanza kunakili majina kutoka kwa wenzake, kazi ya saa sita. Katika saa ya nne ya kazi hiyo, diski ya pili ikaanza kugonga.

"Ngoja ile mpya imalize kunakili, Papa," alisema Émérence. "Usiguse kitu."

Lakini Symphorien alikuwa na diploma ya Lubumbashi, na hakuzoea kuelekezwa kazi na karani. Alizima, akaichomoa diski iliyogonga, akatia nyingine mpya. Alipowasha, majina arobaini na moja ambayo yalikuwa bado hayajanakiliwa hayakuonekana popote. Akairudisha ile ya zamani. Iligonga mara mbili, kisha ikanyamaza kabisa.

Jioni aliwaarifu wakubwa kwa redio: umeme ulikatika. Nani angebisha? Katika Kalemie umeme ulikatika kila uchao. Émérence alisikia kila neno. Akafunga mkoba wake, akaenda zake bila kuaga.

Kesho yake alikuja Mama Bibiane, mchuuzi wa samaki aliyekimbia kutoka Baraka. Alikuwa akija kila Alhamisi, na swali lake lilikuwa moja.

"Jina ya mutoto wangu iko?"

Symphorien alikuwa na jibu tayari mdomoni. Neno moja tu, umeme, na mama huyu angeshukuru na kwenda. Akamtazama miguu iliyopasuka kwa kutembea, na lile neno likakataa kutoka.

"Halipo, Mama. Limepotea pamoja na mengine arobaini. Si umeme. Ni mimi. Niliambiwa ningoje, sikungoja."

Bibiane alikaa kwenye benchi polepole. Mashine ya kuchapa ya chumba cha pili ikasita. Émérence alikuwa anasikiliza.

"Sasa itabidi niseme yote tena?" akauliza Bibiane.

"Ukinikubalia, Mama."

Alitafuta daftari, akaandika kwa mkono. Cyrille, miaka saba. Walipoteana bandarini Baraka, watu walipokuwa wanasukumana kupanda boti. Kovu kwenye goti la kushoto. Kisha Bibiane akasema jambo ambalo mara ya kwanza hakulisema: mtoto aliogopa maji, ndiyo maana alimponyoka mkononi.

"Unisomee," alisema.

Symphorien akasoma taratibu hadi mwisho: "Alikuwa anaogopa maji."

"Hapana, Papa." Aliweka kidole juu ya mstari, ingawa hakujua kusoma. "Anaogopa. Andika: anaogopa."

Symphorien akalikata lile neno, akaandika upya.