Siku ya Choo Duniani

Bi Ndoo alikuwa amekipiga deki choo kipya mara ya nne tangu asubuhi, na kibofu kilikuwa kinawaka moto. Siku nyingine angevuka barabara akaombe kwa fundi cherehani, kama alivyofanya miaka yote sita ya kufagia shule hii. Leo geti limefungwa kungoja msafara wa mgeni rasmi atakayekizindua choo hiki. Choo cha walimu kina ufunguo, na ufunguo una wenyewe. Vya wanafunzi ni marufuku kwa mtu mzima. Mfagizi ni kama popo, si ndege si mnyama.

Akamfuata mwalimu mkuu, aliyekuwa akipanga viti.

"Mwalimu, naomba nitoke mara moja tu. Sukari hii hainipi nafasi."

"Leo, mama? Siku ya Choo Duniani? Wageni wako njiani. Jikaze kidogo, dunia nzima inatutazama."

"Nimejikaza tangu saa kumi na mbili, baba."

"Basi jikaze tena. Au kazi imekushinda?"

Bi Ndoo akageuka kuondoka. Kazi haikumshinda, na hakuwa na nyingine. Alirudi chooni akizungukazunguka na dekio lake, hatua tatu huku, tatu kule. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na si kwa msemo tu.

Juu ya mlango walikuwa wametundika kitambaa: CHOO NI HAKI YA KILA MTU. Bi Ndoo alijua kusoma. Akasoma mara mbili, akainama chini ya utepe mwekundu, akaingia, akabana komeo.

Raha aliyoipata ilimtoa machozi. Hata hakuwa amejifunga kanga vizuri, honi zikalia getini. Wakubwa huchelewa, kila mtu anajua. Huyu kaamua kuwahi. Ngoma, makofi, hotuba. Bi Ndoo alisimama katikati ya marumaru alizozing'arisha mwenyewe, akitafuta dirisha. Dirisha lilikuwa la kupitisha mkono.

Mkasi ukalia. Mlango ukasukumwa, ukagoma. Ukagongwa.

"Kuna mtu!" akajibu, kama ajibuvyo yeyote aliyelelewa akafunzika.

Mtoto mmoja akacheka, akanyamazishwa.

"Kuna nani?" mgeni rasmi akauliza.

"Hakuna mtu, mheshimiwa," mwalimu mkuu akadakia. "Ni mfagizi tu."

Wakubwa wakaangua kicheko cha heshima. Mgeni rasmi akasema basi, picha zipigwe hapo hapo mlangoni. Huku wakijipanga, sauti ya mwalimu mkuu ikapenya kwenye upenyo wa mlango, chini chini:

"Usithubutu kutoka mpaka magari yaondoke. Ukitoka, umetoka na kazini."

Bi Ndoo alinyoosha mkono avute maji. Kisha akafikiria jinsi maji yatakavyounguruma, akaurudisha mkono polepole.

Nje, kiranja alitangaza shairi la kwanza kati ya saba.