Kivuli Kinachosubiri Kibali

Mhadhiri wa kemia alichoka kukaa kwenye benchi la ofisi ya uvumbuzi ya chuo, akainuka aende zake. Kivuli chake hakikuinuka. Kilibaki kimekaa, mikono mapajani. Katibu muhtasi alikitupia jicho, akaendelea kumenya chungwa.

"Kiache tu, mwalimu," alisema. "Kitakushikia nafasi. Mkurugenzi yuko kikaoni."

Akaondoka bila kivuli. Alikuwa ametengeneza unga wa kusafisha maji: kijiko kimoja kwenye ndoo, tope linazama, maji yananyweka bila kuchemshwa. Mtaani kwao watu waliumwa matumbo kila mvua ikinyesha, na mkaa ulikuwa haushikiki kwa bei. Lakini bila kibali cha chuo hakuruhusiwa kuuza hata pakiti moja.

Mvua zikaanza. Basi akaupeleka unga kwa mdogo wake mwenye saluni, wakaufunga kwenye vifuko vya nailoni, wakaupanga pembeni ya mafuta ya nywele. Ukanunuliwa. Mteja mmoja tu ndiye aliyeona kwamba mhadhiri hana kivuli, akamwambia afadhali yeye, hana wa kumfuatafuata. Matumbo yakatulia.

Kule ofisini kivuli kilishazoeleka. Mfagiaji alikizunguka na ufagio wake. Katibu akienda kunywa chai alikipakatisha mkoba. Kila zamu ya kivuli ilipofika, mkurugenzi alikuwa ametoka kidogo.

Habari za saluni zikafika chuoni. Siku hiyo mkurugenzi alikuwepo. Alimwita mhadhiri, akamsomea kosa la kuiruka ofisi. Mhadhiri akasema hajaruka kitu, yuko hapo nje tangu kiangazi. Mkurugenzi akachungulia mlangoni, akakisalimia kivuli, nacho kikainamisha kichwa.

"Huyu ndiye anayefuata utaratibu," akasema. "Wewe ukiuza tena kabla hajahudumiwa, kazi huna."

"Basi mhudumie sasa hivi, bosi."

"Nina kikao."

Mhadhiri akarudi saluni, akatia vifuko vyote kwenye katoni, akaifunga kwa kamba. Mlangoni walisimama wanawake wawili, wamelowa, wanasubiri unga wao.

"Dada, hawa niwaambieje?" mdogo wake akauliza.

"Waambie wachemshe."

Mdogo mtu akaitazama mvua, kisha akauliza wachemshe kwa mkaa upi.