Aliyepika Aonje Kwanza

Mimi nikikasirika nanyamaza, na wanaonifahamu pale Kiboriloni wakiona nimenyamaza wanahama benchi. Siku za kawaida naongea. Naanza nikifungua kilabu saa nne asubuhi, nakuja kumaliza nikifunga, na wateja wangu wanasema wanalipia mbege tu, maneno wanapewa bure.

Jina langu ni Gladness, binti Filemon wa Marangu, ingawa jina hilo mara ya mwisho kulisikia likitajwa kwa sauti ilikuwa kanisani, siku ya kipaimara. Mjini mimi ni Mama Jesse. Kwa baba yangu mimi ni "wewe". Napika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, mwaka wa ishirini na sita sasa, na miaka yote hiyo magome ya msesewe, yale yanayoitia mbege uchungu wake, nimekuwa nikinunua sokoni, wakati baba yangu ana misesewe minne imesimama kwenye kihamba chake, shamba la ukoo. Kwetu panga la kukatia magome anapewa mtoto wa kiume. Wa kike akanunue. Nikipika, nampandishia baba ndoo ya kwanza Marangu, anakunywa, anafuta masharubu, anasema, "Inanyweka." Miaka ishirini na sita, inanyweka! Hata maji ya mfereji yananyweka, jamani.

Sasa huyu Praygod. Ni mtoto wa marehemu kaka yangu, ana miaka thelathini na moja, alisoma kemia Dar, akafanya kazi kwenye kiwanda kikubwa cha bia, halafu akarudi Moshi na matangi matatu ya chuma yanayong'aa na maneno ambayo hata yeye akiyasema anapumua kwanza. Akapanga lililokuwa ghala la kahawa, hatua chache kutoka kilabuni kwangu, akaanzisha kiwanda kidogo cha bia za kwetu. Moja ya kahawa ya Masama, moja ya asali, na ile aliyoipenda kuliko zote, ya ndizi na ulezi, iliyotiwa uchungu kwa msesewe. Hiyo akaiita Kihamba.

Tatizo, Praygod hanywi. Wala si mlokole. Ana vidonda vya tumbo, na daktari alimwambia pombe hata tone asiguse. Mtengeneza bia asiyekunywa bia, umeona wapi? Akanijia siku moja amejikunja kama kuku aliyenyeshewa.

"Shangazi, nisaidie kuonja tu. Lakini usimwambie mtu. Nani atanunua bia ya mtu asiyekunywa?"

Nikaonja. Loo! Ya kwanza niliitema pale pale, ikaruka mpaka kwenye viatu vyake. Nikamwambia, mwanangu, huu ulezi umenunua unga dukani, ulezi wa pombe unaoteshwa, unaachwa mpaka utoe vijimizizi, halafu unaanikwa. Na ndizi zako bado ni za kupeleka sokoni, mimi nataka zilizoiva mpaka maganda yamekata tamaa. Ya pili ikawa mbaya, ya tatu ikawa mbaya zaidi. Mara ya tisa nikanywa glasi nzima bila kusema neno, na Praygod akajua. Yeye alikuwa na vipimajoto na daftari. Ulimi ulikuwa wangu.

Halafu lebo zikaja kutoka kwa mchapaji. Nzuri, za kijani, zina mgomba. Zimeandikwa: *Kihamba. Imebuniwa na kupikwa na Praygod, kwa mapishi ya mababu.*

Mababu! Katika ukoo wetu hakuna babu aliyewahi kupika mbege tangu dunia iumbwe. Wanachojua ni kunywa.

"Na mimi?" nikamwuliza.

"Shangazi, wewe si ni familia?"

Nikanyamaza. Iliniuma, sitaki kudanganya. Sikuwa nataka hisa wala cheo. Nilitaka kitu kimoja: jina langu litajwe kuwa ndiye niliyepika, na litajwe mahali baba yangu anasikia. Basi. Lakini mtu utaombaje kitu kama hicho? Ukikiomba kinaharibika.

Siku zikaenda, bia ikapendwa. Hoteli mbili za mjini zikaitaka, kwa sharti moja kwamba ladha isibadilike. Hapo ndipo mambo yakagoma, maana magome ya sokoni hayaaminiki. Leo unapata makavu kama kuni, kesho unapata ya mti mchanga, na uchungu unapanda na kushuka. Praygod akapiga hesabu zake akaona dawa ni misesewe ya babu yake. Akampigia simu. Baba akamjibu kwa kifupi, kama kawaida yake.

"Ilete hiyo bia Jumamosi. Nikiimaliza chupa, magome utapata. Nisipoimaliza, habari hiyo usiirudie."

Jumamosi tukapanda Marangu na kirikuu cha kukodi, kigari cha mizigo, kasha la bia nyuma limejaa barafu. Praygod amevaa shati jeupe, ananuka marashi. Tulipofika kwenye kona za karibu na nyumbani akanigeukia.

"Shangazi, naomba leo niongee mimi. Wewe usiseme chochote. Unajua ukianza utamwambia kila kitu."

"Chochote?"

"Chochote, tafadhali."

"Haya, bosi," nikasema, nikafunga mdomo.

Baba alikuwa barazani na jirani yake, Meku Sirili, Mkatoliki wa ng'ambo ya mfereji, ambaye harufu ya pombe haijawahi kumpita hata siku yenye upepo. Tukaamkia, shikamoo, marahaba, tukaulizwa habari za mjini na za mvua. Ng'ombe alikuwa zizini anatafuna migomba. Praygod akafungua kasha, akatoa chupa mbili baridi, akazifuta vizuri kwa taulo, akampa babu yake moja kwa mikono miwili, na nyingine akampa Meku Sirili.

Baba akaipokea. Akaigeuza, akasoma lebo kwa kuisogeza mbali na macho, kisha akaiweka juu ya goti. Hakuifungua. Meku Sirili akaangalia baba alivyofanya, na yeye akaweka yake gotini, ingawa koo lilikuwa linacheza.

Mimi nilijua papo hapo. Hata mtoto wa Marangu angejua. Kwetu humpi mtu pombe kabla hujaionja mwenyewe mbele ya macho yake. Kilabuni kwangu kila kata inayotoka nainywa fundo la kwanza mimi, ndipo nakukabidhi. Aliyepika anatangulia, ili mgeni ajue hakuna kitu kibaya ndani, na ajue pia wa kumlaumu ni nani. Praygod amekulia humo humo, ameliona jambo hilo tangu anatambaa. Lakini kile kizibo cha bati kilimpumbaza. Huko kiwandani alikotoka hakuna anayemwonjea mtu, bia inazibwa na mashine, inafunguliwa na mwenye kiu.

Ningeweza kukohoa. Ningeweza kumkanyaga mguu. Lakini si niliambiwa chochote? Nikamtazama ng'ombe.

Praygod akaanza kuhubiri. Akaeleza asilimia, akaeleza nyuzi joto, akaeleza jinsi ulezi ulivyo na afya. Baba anaitikia, "Ehee." Bia iko gotini. Praygod akadhani mzee hana cha kufungulia, akamsogezea kifungulio. Baba akakipokea, akashukuru, "Aika," akakiweka mfukoni.

"Filemon," Meku Sirili akasema kwa huzuni kabisa, "hii inapata joto."

"Iache ipate."

Jasho likaanza kumtoka kijana wa watu. Akanitupia jicho. Ng'ombe alikuwa na doa zuri sana shingoni, sikuwahi kuliona.

Mwishowe baba akamhurumia. Akatoa kile kifungulio mfukoni akakiweka juu ya meza.

"Praygod. Umesoma mpaka Dar. Unaniletea pombe imezibwa mdomo, na aliyeipika hajaonja. Nifanyeje?"

Nikamwona Praygod anaelewa. Ilianzia masikioni, ikashuka mpaka shingoni.

"Nisamehe, Babu. Nimejisahau."

"Basi onja, tukuone."

Akachukua chupa kutoka gotini kwa babu yake, akaifungua. Povu likapanda, harufu ya ndizi ikajaa baraza zima, Meku Sirili akafumba macho. Praygod akaiinua mpaka midomoni. Nikaogopa, na haikuwa kwa sababu moja. Nilimwogopea tumbo lake, maana kabla hajaacha kabisa, glasi moja ya divai ya harusi ilimlaza hospitali siku mbili. Na niliogopa kitu kingine, wacha niseme ukweli. Fundo moja tu, na yeye ndiye aliyepika, mbele ya baba, mbele ya shahidi, na mimi narudi Kiboriloni kuwa Mama Jesse wa kilabuni mpaka siku ya kuzikwa.

Akaishusha.

"Siwezi," akasema.

Meku Sirili akaisogeza yake mbali kidogo. "Kwani ina nini?"

"Haina kitu, Meku. Mimi ndiye mwenye kitu. Nina vidonda vya tumbo, mwaka wa nne huu sijanywa. Babu, ladha ya bia hii siijui. Sijawahi kuijua. Nimeandika jina langu pale, lakini ulezi ameotesha mwingine, ndizi amechagua mwingine, na mara nane nilipokosea ni yeye aliyeniambia nimwage." Akanigeukia, akanipa chupa kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake. "Aliyepika ni Shangazi Gladness. Shangazi, onja kwanza."

Nikapokea. Nikanywa mafundo matatu, moja la desturi, mawili ya kuzuia machozi, na hayakuzuilika. Halafu nikampa baba chupa ile ile.

"Karibu, Baba."

Baba akaileta mdomoni, na kabla ya kunywa akapuliza, fuuu, kusogeza machicha ya ulezi pembeni kama anavyofanya kwenye kata ya mbege. Machicha yenyewe hayakuwamo, chupa ikapiga mluzi. Meku Sirili akacheka mpaka akashika mbavu. Baba hakujali. Akanywa, akapumzika, akanywa, akainamisha chupa mpaka tone la mwisho. Akafuta masharubu upande wa kulia, akafuta upande wa kushoto. Nilikuwa nimeshika kitambaa changu kama kamba ya ndoo ya kisimani.

"Inanyweka," akasema.

Haki ya Mungu, nilitaka kumpiga na kasha la barafu.

Akanyanyuka, akaingia ndani. Tukamsikia anasogeza vitu nyuma ya mlango. Akatoka na panga, lile jembamba lenye mpini wa mti mweusi ambalo sijawahi kuligusa tangu nizaliwe. Praygod akasimama kulipokea, mikono tayari. Baba akampita. Akaja kusimama mbele yangu.

"Wewe magome huwa unayatoa wapi?"

"Sokoni, Baba."

"Sokoni." Akaangalia kule kwenye misesewe, kisha akaniangalia mimi. "Tangu lini?"

"Tangu nianze. Miaka ishirini na sita."

Baba yangu hajui kuomba radhi, hakufundishwa, na siku ile hakujifunza. Alichofanya ni kulishika panga upande wa makali na kunielekezea mpini.

"Usizungushe mti mzima, utauua. Kata upande mmoja, mwakani unakata mwingine. Ule wa karibu na mfereji ndio mchungu kuliko yote." Akakohoa. "Haya, Gladness. Nenda."

Nikaenda. Praygod akanifuata na gunia. Nilipofika kwenye mti wa karibu na mfereji nikaweka kiganja kwenye gome, nikalia vizuri, kwa sauti, sikuona sababu ya kujibana. Kisha nikakata. Kipande cha kwanza nikakitia mdomoni nikakitafuna, kichungu mpaka masikio yakazibuka.

"Shangazi," Praygod akasema, "lebo nitazichapa upya."

"Utazichapa upya, na hao mababu utawatoa."

"Nitawatoa."

Kule barazani Meku Sirili alikuwa amesimama na chupa yake bado imezibwa, ananipungia kwa mkono mwingine.

"Gladness!" akaita. "Gladness, mama, na hii yangu nani ananionjea?"

"Mwache amalize kazi!" nikamsikia baba anamkemea. Kisha naye akainua sauti kunielekea, "Lakini ukimaliza uje upesi, Gladness. Na mimi nimebaki na kiu."