Bei ya Jumapili

Lusungu alimchukia yule afisa wa mdhibiti wa umeme tangu aliposhuka kwenye gari. Si kwa sababu alikuwa mwanamke, wala si kwa sababu alikuwa mdogo kuliko binti yake wa kwanza. Alimchukia kwa sababu alimwamkia kwa adabu zote, shikamoo mzee, kisha papo hapo akataka daftari la manunuzi. Hata maji ya kunywa alikataa.

Daftari lile Lusungu alilishika kwa miaka sita, na hakuna aliyewahi kulitilia shaka. Kampuni yao ndogo ilipeleka umeme kwenye vijiji vya milima ya Ileje kutoka mtambo wa mtoni. Kiangazi, mto ukibaki wa kuoshea miguu, walinunua umeme wa siku kwa siku. Wauzaji walikuwa wawili, mmoja wa mji wa Mpemba, mwingine wa ng'ambo ya mpaka, Nakonde upande wa Zambia. Sheria ya mdhibiti haikuhitaji msomi: kila asubuhi kabla ya saa nne wapigie wote wawili, andika bei zao na saa uliyopiga, nunua kwa mwenye nafuu. Ukifanya hivyo, gharama inaingizwa kwenye bei ya wateja. Usipofanya, kampuni inaibeba yenyewe.

Sasa kampuni ilikuwa imeomba kupandisha bei, na afisa huyo, Erica, alikuja kuwasikiliza wateja katika ukumbi wa kanisa. Kabla mkutano haujaanza, meneja Makene alimvuta Lusungu nyuma ya choo cha ukumbi. Makene alikulia Chitete kwenye ng'ombe, na alizungumza na watu vilevile alivyozungumza na ng'ombe. Alisema yule mwanamke ameweka alama nyekundu kwenye Jumapili tisa.

"Sema ulitoka ibadani dakika tano ukapiga simu," alisema. "Ukisema kingine, kazi huna."

Ukweli ni kwamba Lusungu alikuwa mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa hafanyi biashara Jumapili. Nyumbani kwake siku hiyo hata nyanya haziuzwi. Basi Jumamosi jioni alimpigia wa Mpemba, wakapatana bei ya kesho yake. Wa ng'ambo alikuwa akifunga ofisi Jumamosi mchana hadi kesho yake asubuhi, kwa hiyo Lusungu alinakili tu bei yake ya asubuhi ile, akaandika tarehe ya Jumapili na saa tatu kamili, akaenda kulala na moyo mweupe. Bei ya jana na ya leo zina tofauti gani, jamani? Hivyo ndivyo alivyojiambia, na alijiona mtu safi kuliko wote pale kazini.

Ukumbi ulijaa. Erica hakuzunguka mbuyu. Alimsimamisha Lusungu mbele ya watu, akamuuliza Jumapili ya tarehe kumi na tisa, saa tatu asubuhi, alipiga simu akiwa wapi.

Lusungu alifungua mdomo aseme alichoagizwa. Lakini wanawake wa kwaya walishaanza kucheka. Saa tatu ya Jumapili ile, kama Jumapili zote, yeye ndiye aliyekuwa amesimama mbele akisoma matangazo, na nusu ya watu waliojaa ukumbini leo walikuwa wamemkodolea macho. Mkewe alikuwa miongoni mwa kwaya. Yeye hakucheka.

"Nilikuwa kanisani," alisema Lusungu. "Sikupiga simu. Bei niliziandika Jumamosi."

Makene alifyonya, ukumbi mzima ukasikia. Lusungu hakujali. Kwa kweli alijisikia mwepesi, hata akainua kichwa, maana alidhani watu wa Mungu watamwelewa mtu aliyeiheshimu siku ya Mungu. Alikuwa tayari kuipoteza kazi. Jina lake lingebaki.

Erica hakupandisha sauti. Alieleza kwamba alimuuliza yule muuzaji wa ng'ambo. Jumapili mashine za nafaka na karakana za kule hufungwa, umeme hubaki mwingi, na bei hushuka karibu nusu. Kila Jumapili ya kiangazi kile kampuni ilinunua kwa bei ya juu, kisha ikaomba wateja waibebe. Gharama ya Jumapili hizo tisa anaiondoa yote kwenye ombi la bei; kampuni itaibeba yenyewe.

Bibi Anyosisye akasimama. Alikuwa mjane mwenye mashine ya kusaga pale sokoni, na Lusungu mwenyewe ndiye aliyesimamia mazishi ya mumewe.

"Mzee, mimi nimefunga mashine siku tatu kwa sababu ya bili hii ya sasa, kabla haijapanda," alisema. "Kumbe utakatifu ni wako, malipo ni yetu?"

Lusungu alitaka kumjibu kwamba hakujua habari ya bei kushuka. Na kweli hakujua. Ila angejuaje, wakati simu hakupiga? Alimchukia Erica, akamchukia Makene, na kwa mara ya kwanza akamchukia yule mtu aliyekuwa akifunga daftari kila Jumamosi jioni.

Bibi Anyosisye alikuwa bado hajakaa. Alimgeukia mchungaji, aliyekuwa ameketi karibu na mlango.

"Na Jumapili hii," alisema, "matangazo asome mwingine."

Mchungaji aliitikia kwa kichwa. Lusungu alimtazama mkewe, akingoja japo neno moja. Mkewe alikuwa akiitazama sakafu.