Mninga wa Bati

Mume wangu Donatus alinipa muda mpaka siku ya harusi ya mdogo wangu Justina. Dashibodi ya gari lake ikipendeza, mimi ndiye fundi rangi wa gereji yake hapa Shinyanga. Ikiharibika, ataipaka nyeusi, nami nisimsumbue tena. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Tangu anioe nilikuwa nataka kuingia gereji, naye kila mara alinijibu kwamba gereji si jiko.

Gari lenyewe lilikuwa Ford ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, tuliyoinunua kwa Mzungu mmoja wa machimbo ya Geita aliyekuwa akirudi kwao. Injini iliitika vizuri. Lakini ndani ilikuwa aibu tupu. Dashibodi ilikuwa bati lililopakwa rangi lifanane na ubao, na jua lilikuwa limeibambua hiyo rangi mpaka kutu inachungulia. Donatus alitaka nyeusi, amalize. Mimi nikasema hapana, ilikuwa ubao na itarudi kuwa ubao. Tena si ubao hivihivi, mninga.

Mninga naujua. Baba yangu, Mzee Alois, ni seremala kule Ushirombo, na utoto wangu wote nilifagia maranda ya karakana yake. Kufagia tu. Randa sikuruhusiwa kuigusa kwa sababu mimi ni msichana, ila macho hakunifunga.

Nikang'oa vitufe, nikaziba vioo vya mita kwa gazeti, nikasugua bati kwa msasa mpaka likang'aa. Nikapaka rangi ya chini, njano iliyotiwa wekundu kidogo. Ilipokauka nikapitisha juu yake kahawia nyepesi, nikaichora mistari kwa kitana. Donatus akachungulia dirishani.

"Mama Paskalia," akasema, "hapo umelima shamba la pamba, na matuta nayaona."

Nilitamani kumrushia kopo. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alisema kweli.

Nikafuta yote kwa kitambaa, nikaanza upya. Safari hii nilimkamata jogoo, nikamng'oa unyoya mrefu wa mkia. Nikauburuta juu ya rangi mbichi, mkono nikiutetemesha kidogo kwa makusudi, na ubao ukaanza kutokea. Moyo ulinienda mbio, nilicheka peke yangu mle ndani ya gari. Nikazungusha kidole gumba, fundo la mti likajitokeza. Mistari nikaivusha moja kwa moja kutoka upande wa usukani hadi kwenye kifuniko cha kile kisanduku kilicho mbele ya abiria, ionekane kifuniko kimekatwa katika ubao uleule.

Ulikuwa msimu wa pamba, na nyuzi zilipeperuka kutoka kiwandani hadi kwetu. Kwa hiyo nililifunika gari zima kwa chandarua mpaka vanishi niliyoipaka juu ikauke. Majirani wakauliza kama gari lina malaria. Nikawajibu ndiyo, tena ya kuambukiza, wakae mbali.

Siku ya harusi baba akafika, na tulikuwa tunakwenda kumchukua Justina kwa shangazi kule Kolandoto tumlete kanisani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hili ndilo gari?"

Nikamfungulia mlango wa mbele. Donatus alikuwa ameshaketi kwenye usukani. Nikasimama pale mlangoni nikimtazama baba.

Baba akavaa miwani. Akaifuata mistari kwa macho, polepole, kisha akasonya.

"Mkwe wangu, nani amekufanyia kazi hii?"

"Fundi mmoja wa hapahapa," Donatus akasema.

"Mninga mzuri, fundi hana akili. Kifuniko amekibana mno. Mvua za kwanza tu, ubao utavimba na hutakifungua." Akatia mkono mfukoni, maana baba yangu huenda na msasa hata kanisani. "Ngoja nikipunguze ukingo. Ni kazi ya mara moja."

Nilikuwa nimeshinda, na msasa ulikuwa umebakiza kidole kimoja kufika kwenye vanishi yangu. Nikaurukia mkono wake. Sijawahi kumshika baba yangu namna ile.

"Baba, gonga kwanza," nikasema.

Akanitazama kama vile nimerukwa na akili, kisha akagonga. Bati likalia kama sufuria. Akagonga tena, akagonga na pembeni, akainama kuchungulia chini ambako sikupaka. Donatus alikuwa ameinamia usukani, mabega yanatikisika. Baba hakucheka.

"Nani?" akaniuliza.

"Mimi, baba. Kwa unyoya wa jogoo."

Niliogopa, kwa kuwa nilikuwa nimemwaibisha mbele ya mkwewe, na kwetu hilo si jambo dogo. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha, akalitazama lile fundo nililolichora kwa gumba.

"Hata fundo umeliweka panapostahili," akasema. "Vijana wote niliowafundisha, hakuna aliyeutazama mti namna hii. Nilikosea kukunyima randa, Klara. Kule nyumbani nina makabati ya mbao za masanduku, watu hawayageukii. Twende Ushirombo, hata kwa mwezi mmoja, ukayapake."

Donatus akaacha kucheka.

"Baba, nisamehe," akasema haraka. "Huyu ni fundi rangi wa gereji yangu. Ana magari yanamngoja."

Hakukuwa na gari lolote lililoningoja. Lakini alikuwa amelisema mbele ya baba mkwe wake, na hapo mwanamume hajirudi. Nikaingia nyuma, nikafunga mlango, nikawaambia wakitaka kunigombania wanigombanie njiani, bibi harusi anatungoja.