Mshale Ulipofika Alasiri

Mwaka ule wa uhuru Wazungu wengi walikuwa wakiuza vyombo vyao kabla ya kurudi kwao, na Mwidani wa Likoni akanunua gari kwa mhandisi mmoja aliyekuwa akikaa karibu na Shelly Beach. Mwidani alikuwa ameendesha kreni bandarini Kilindini tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Mkewe, Mastura, hakulitaka gari. Alisema feri ipo, mabasi yapo, na miguu Mungu hakuwanyima. Lakini gari lilipoingia uani, dogo, la kijivu, alilizunguka mara moja, akafungua mlango wa abiria, akakaa. Akaona kiti chamfaa. Tangu siku hiyo kiti kile kikawa chake, na hakuna jirani aliyethubutu kukikalia.

Kwa miaka mingi mume wake alikuwa mtu wa kutoka alfajiri na kurudi usiku, naye alizoea kumwona akiwa kachoka. Sasa walikaa ubavu kwa ubavu, wakaenda Diani, wakaenda Tiwi kununua nazi, wakizungumza mambo ambayo hawakuwahi kupata nafasi ya kuyazungumza.

Mwidani akiendesha hakupenda kuondoa macho barabarani hata kidogo. Kwa hivyo alimwachia Mastura kazi ya kutazama geji ya joto la injini. Geji yenyewe ilikuwa ya duara kama saa, ina mshale mmoja na herufi za Kizungu pembeni. Mastura alikuwa amesoma chuo cha Kurani tu, hati za Kiarabu, na zile herufi hakuhangaika nazo. Aliisoma kama asomavyo saa ya ukutani. Mshale ukilala kushoto, hiyo ni saa tatu asubuhi, injini bado baridi. Ukisimama wima ni adhuhuri, na hapo ndipo panapotakiwa. Ukilalia kulia ni alasiri, na kwenye alasiri palikuwa na alama nyekundu.

Haikuchukua muda mshale ukaanza kuifikia ile alama. Fundi mmoja mjini aliiosha rejeta, ambayo kweli ilikuwa chafu, akabadilisha na mkanda wa feni. Siku mbili tatu gari likatulia, kisha mambo yakarudi yale yale. Mastura alijaribu kumweleza mumewe jinsi mshale unavyokwenda, lakini Mwidani alisema kupanda ni kupanda tu, na labda ni jua.

Basi ikaja habari kwamba binti yao Tumu, aliyeolewa na mwalimu wa shule huko Mariakani, amejifungua mtoto wa kiume, na akika, ya kumchinjia mtoto mbuzi, itakuwa Jumamosi. Asubuhi hiyo walivuka feri mapema, nyuma ya gari kumejaa kikapu cha mahamri, mkeka mpya na furushi la nguo za mtoto. Walipita mjini, wakavuka Makupa, wakaanza kupanda kilima cha Changamwe nyuma ya lori lililobeba mifuko ya saruji.

"Adhuhuri na robo," Mastura akasema.

Mwidani akapunguza gia. Lori mbele halikuwa na haraka.

"Saa saba. Babake Tumu, waenda huo."

Walimaliza kilima, barabara ikawa tambarare, na Mwidani akatumai upepo utasaidia. Haukusaidia. Walipofika Mikindani Mastura alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba alasiri imeingia, na kwamba asimame. Akasimama mbele ya nyumba moja yenye ua wa makuti, akazima injini.

Alipofungua boneti hakukuwa na mvuke, ila joto lilimpiga usoni. Akachukua kitambaa akataka kukifungua kifuniko cha rejeta atie maji. Mastura alikwisha shuka. Alimwambia asikifungue, kwani maji ya moto yatamrukia. Mwidani akajibu, kwa ukali kidogo, kwamba yeye amefanya kazi na mitambo maisha yake yote. Mastura aliuchukua mkono wake, akamvua kile kitambaa kidole kwa kidole, akakishika yeye.

"Mjukuu wako hajakuona hiyo sura," alisema. "Mpelekee ikiwa nzima."

Hasira zilimwisha Mwidani, akabaki amesimama kando ya gari akitazama barabara ya kwenda Mazeras, akihesabu moyoni kwamba mbuzi sasa hivi anachinjwa, nao hawapo.

Mwenye ile nyumba alikuwa akitengeneza banda la kuku. Aliweka nyundo chini akaja. Jina lake Ngumbao, mtu wa Rabai, dereva wa lori njia ya Nairobi, na wiki hiyo alikuwa mapumzikoni. Alisalimu kwa heshima, akamwita mkewe Kafedha awatolee wageni maji na viti, kisha akainamia injini.

Alisogeza kiganja chake karibu na rejeta, akaona haimchomi, akaigusa. Akashika mpira wa juu, ule unaotoa maji kwenye injini kuyaleta kwenye rejeta. Akamwambia Mwidani naye aguse. Mwidani alitaraji kuungua, lakini mpira ulikuwa vuguvugu tu, na rejeta chini ilikuwa baridi.

"Injini yachemka na rejeta haina habari," Ngumbao alisema. "Mshale wenyewe hupanda vipi?"

Mwidani akasema hupanda tu. Mastura, aliyekuwa amekalishwa kivulini na Kafedha, akasema sivyo.

"Haupandi tu. Hupanda mpaka alasiri, tuseme moto umezidi, kisha mara huanguka wenyewe ukarudi adhuhuri. Kama mtu kafungua mlango. Leo ndiyo mara ya kwanza haukurudi."

Ngumbao aliuliza hizo saa ni saa gani, akaelezwa, akacheka kwa furaha. Kisha akawaambia kwamba mlango umo kweli. Waitwa themostati. Injini ikiwa baridi hujifunga, ili maji yazunguke ndani ipate moto upesi. Maji yakishika moto hufunguka, yakapita kwenda kupoa kwenye rejeta. Mlango wa gari lao, alidhani, ulikuwa ukikwama, leo ukafungika moja kwa moja. Lakini kudhani hakutoshi, akasema, tutautoa tuupime.

Walingoja injini ipoe. Kafedha akaleta uji wa mtama, na Mastura akafungua kikapu cha mahamri ingawa yalikuwa ya akika, wakala wote wanne. Ndipo Ngumbao akafungua maji kidogo yakaingia kwenye debe, akalegeza boliti mbili kwa spana, akatoa kidude cha shaba kisichozidi mdomo wa kikombe cha kahawa. Mwidani alikigeuza geuza mkononi. Hakuamini kitu kama kile chaweza kumzuia mtu kumwona mjukuu wake.

Kafedha akatoa sufuria, akataka kwanza kujua kama itafaa tena kupikia. Ngumbao akamwambia achukue ile ya chakula cha kuku. Wakateka maji, wakaiinjika mekoni, na kile kidude wakakining'iniza kwa waya kisiguse chini. Mwidani akachuchumaa mbele ya moto. Maji yakaanza kutoa moshi, yakaanza kutokota, yakachemka yakarukia kuni. Kidude kikakaa vile vile, kimefunga.

"Haufunguki," Mwidani akasema. Akarudia, na safari hii Mastura aliisikia raha kwenye sauti yake. Wiki nzima Mwidani alikuwa akihofia injini yote imekufa, asimwambie mtu.

Ngumbao alisema wende bila themostati mpaka wapate nyingine. Huku pwani baridi yenyewe iko wapi. Akakata gasketi mpya, ya kuzuia maji yasivuje, kwenye katoni ya sabuni, akaipaka grisi, wakafunga, wakajaza maji. Injini ikawashwa. Baada ya muda Mwidani akashika mpira wa juu, akamwita mkewe aje ashike naye. Ulikuwa wa moto sawasawa, na rejeta pia.

Kilima cha Mazeras walikipanda polepole. "Saa tano," Mastura akasema. Kwenye kona kali kabisa akasema, "Saa tano na nusu." Mpaka juu mshale haukuifikia adhuhuri. Mwidani akaanza kuimba kwa sauti ya chini, jambo ambalo Mastura hakulisikia tangu Tumu alipokuwa mdogo.

Walifika watu wamekwisha kula na maulidi yamekwisha somwa. Tumu alikuwa ameingiwa na hofu kwamba wamepata ajali, na alipowaona akalia, kisha akawakaripia. Waliwekewa sahani yao. Mwidani akanawa grisi mikononi mara tatu, kwa sabuni na kwa mchanga, ndipo akapewa mtoto. Mtoto alikuwa amelala. Alimshika vile vile, akimtazama, mpaka mkwewe alipomuuliza walikawia wapi. Hapo akaanza kueleza, na akaeleza mpaka ilipoadhiniwa.

Jioni, wakirudi, walisimama Mikindani kuwapelekea Ngumbao na Kafedha fungu lao la nyama. Themostati mpya ilichelewa kupatikana. Ilipopatikana Mwidani hakukubali ifungwe kabla haijapimwa, basi wakaipima jikoni kwa Mastura, na yeye ndiye aliyeiona kwanza ikifunua mdomo taratibu ndani ya maji, akamshika mumewe bega.

Siku za sherehe za uhuru Kafedha na Ngumbao walikuja Likoni na watoto wao. Wanaume walikwenda nje wakafungua boneti, ingawa hakukuwa na kilichoharibika. Wanawake wakawaacha, wakapika.