Honi ya Wenceslao

Jumanne asubuhi, siku moja kabla ya ukaguzi, Eleuterio Bacallao alibonyeza honi ya gari lake mjini Sagua la Grande, nayo haikulia. Gari lilikuwa la mwaka 1951, urithi wa baba yake, marehemu Gaudencio, na ndilo lililomlisha kwa kubeba abiria. Pasipo honi mkaguzi angeng'oa bamba la namba, na pasipo bamba gari lingebaki chuma cha kufugia kuku.

Alifanya kazi kwa utaratibu, kama alivyofundishwa. Alikagua fyuzi: nzima. Aliunganisha balbu ndogo kwenye waya wa honi, akabonyeza, balbu ikawaka. Alikwangua kutu pale waya wa ethi uliposhikana na bodi. Alifungua kitufe cha usukani, akasugua shaba yake kwa msasa. Umeme ulifika kwenye honi bila kizuizi, na honi ikaendelea kunyamaza.

Mchana alilitoa gari polepole, akibonyeza kila njia panda. Kimya. Mbele ya lango la Obdulia, mjane wa Wenceslao, honi ikalia mara mbili kwa sauti nene na safi. Alipolipita lango, kimya tena. Alirudi nyuma, ikalia. Akaifungua, akaiweka juu ya ukuta wa mjane bila waya wala betri, nayo ikalia vilevile, mara mbili. Eleuterio akaandika nyuma ya pakiti ya sigara kwamba hitilafu haikuwa ya umeme.

Obdulia alitoka na vikombe viwili vya kahawa.

"Umechelewa, mwanangu. Marehemu mume wangu alikuwa anafika saa saba kamili, akipiga honi mara mbili, maharage bado yako motoni."

Alimsimulia bila kupandisha sauti. Wenceslao alipokuwa amelazwa hospitalini, Gaudencio alikuja kuazima honi yake kwa ajili ya ukaguzi, kwa kuwa mtaani hapo vipuri viliazimwa kama chumvi. Alisema ni ya siku moja tu, na hakuirudisha. Gari la Wenceslao likakaguliwa bila honi, bamba likang'olewa, na mwenyewe akaenda kazini kwa miguu mpaka alipokufa. Gari lilikuwa bado uani juu ya matofali. Kuku walitagia kiti cha nyuma.

Eleuterio aliitazama honi, kisha gari lake.

"Nitairudisha, bibi. Nikishapata nyingine."

"Baba yako naye alisema hivyohivyo," Obdulia alijibu, akimwongezea sukari. "Na mdomo huohuo. Kunywa, inapoa."

Kesho yake mkaguzi, Bi Nieves Quiala, alikubali kufika langoni kwa Obdulia, kwani kanuni ilitaka honi ilie na haikutaja mahali. Alisikiliza mara mbili, akagonga muhuri, akaomba kahawa.

Tangu siku hiyo Eleuterio hupita hapo kila siku saa saba. Honi hulia, Obdulia huepua maharage na kumpakulia sahani iliyojaa wali, kisha humsuta kwamba amekonda kama spoki. Uani, gari la juu ya matofali, ambalo halijawa na betri kwa miaka thelathini, huwasha taa zake mbili na kuzizima anapoondoka. Eleuterio huchagua kiti kinachomfanya aligeuzie gari hilo mgongo. Huyasifu maharage, huomba ukoko, na husema kwamba bado anatafuta honi nyingine.